Mkeka wa Darasa la Sita

Mkeka haupimwi kwa ukili mmoja. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyekiti leo kwenye mkutano wa shule, nanyi mkatazamana, kisha mkaja kuniuliza kama ni methali ya kweli au ameitunga mwenyewe ili kufunga mabishano. Hakuitunga. Ilizaliwa hapa hapa Mtepela, mbele ya wazazi waliokuwa wameketi vibaya, na chanzo chake ni kisa hiki.

Wakati huo shule yetu ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Wa darasa la kwanza walikaa chini, na ili wasikae kwenye vumbi, kila mwaka darasa la sita liliwasukia mkeka. Mkeka huo ulitandikwa kwanza siku ya kufunga shule, wazazi wakaukalia na kuuombea dua, kisha ukakunjwa na kuwekwa kuwangoja wadogo wa mwaka unaofuata. Ilikuwa desturi, na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha.

Nyinyi mmekulia kwenye mikeka ya plastiki, kwa hiyo nivumilieni nieleze. Mkeka wa ukindu hausukwi wote kwa mpigo. Husukwa ukili kwanza, yaani utepe mrefu wa majani, upana wake kama vidole vitatu au vinne, kisha kili nyingi hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukamilike. Watoto wa Mtepela walisuka kwa kupokezana. Walikaa duara, kila mmoja akasuka kipande, akampa wa kulia kwake, akapokea kutoka kwa wa kushoto. Mwenye mkono wa kukaza na mwenye mkono wa kulegeza, wote walipita katika kila ukili. Hapakuwa na wa kusema ukili huu ni wangu.

Mwalimu wao alikuwa Bi Somoe Mkumbaru. Alikuwa amefundisha tangu akiwa msichana, na sasa alikuwa amechoka, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao. Kufundisha hakukumchosha. Kilichomchosha ni kupanga. Kila muhula alisahihisha, akajumlisha, akawapanga watoto kuanzia wa kwanza mpaka mshika mkia, na kila muhula aliwaona wale wa nyuma wakijifunza jambo moja tu, kwamba wao ni wa nyuma. Zamani alikuwa akibisha vikaoni. Siku hizi alikaa karibu na mlango na kungoja kikao kiishe.

Mwaka huo tuliletewa Mwalimu Mkuu mpya, Mwalimu Matimbwa. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie mapema. Naye alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa walitaka kila mtoto awe na alama yake katika kila somo, pamoja na stadi za kazi. Akamwita Bi Somoe ofisini.

"Huu mkeka wa kila mwaka, ni kazi ya nani?"

"Ya darasa, Mwalimu."

"Darasa halifanyi mtihani. Mtoto ndiye anafanya. Mwaka huu kila mmoja asuke ukili wake mwenyewe, bila kusaidiwa. Utapima kwa rula. Mrefu zaidi, alama zaidi."

Bi Somoe alikuwa na maneno, tena mengi. Akayameza. Akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi darasani na kuwaambia watoto kama alivyoambiwa.

Basi darasa likabadilika. Duara likavunjika. Watoto waliokuwa wakisuka huku wakitaniana wakaanza kupeana migongo, na jioni kila mmoja alificha ukili wake mfukoni au chini ya nguo. Wajanja waligundua kwamba ukilegeza mkono ukili unakimbia, na kwamba majani yakiwa na maji mengi yanasukika upesi. Wengine, kwa hofu ya kuonekana wazembe, walikaza mpaka vidole vikavimba. Ukili ulirefuka, lakini kila ukili na tabia yake.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana aitwaye Siwema, binti wa Ngwali, mkulima wa mpunga wa huko bondeni. Siwema alikuwa mzito wa kusoma na mzito zaidi wa hesabu, na alikwisha kurudia darasa mara moja. Baba yake alikuwa amesema, akirudia tena, basi shule iwe imekwisha, arudi nyumbani akaamie ndege shambani, awafukuze wasile mpunga. Hakulisema kwa ukali. Mkewe alikuwa mgonjwa, mikono nyumbani ilikuwa michache, na ndege wa bondeni hawana huruma. Kwa hiyo alama za stadi za kazi zilikuwa tegemeo la mwisho la Siwema. Kusuka alikujua. Akizipata zote, angevuka kwenda la saba. Akizikosa, angeishia hapo.

Cha ajabu, Bi Somoe alimwona mtoto huyo kila mapumziko akihama kutoka kwa mwenzake huyu kwenda kwa yule. Akamkemea.

"Siwema, shughulika na chako."

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu, akaenda kukaa.

Siku ya kupima ilipofika, ukili wa Mwajabu, binti wa mwenye duka, ulikuwa mrefu kuliko zote, ukawazunguka watoto wawili na kubaki. Ukili wa Siwema ulikuwa mfupi kuliko zote. Ulifika pima moja kwa shida. Bi Somoe alipima mara mbili akitumaini rula imekosea. Rula haikukosea. Alijua ile alama itamfanya nini mtoto yule, na akaiandika. Halafu akaenda kwake, akala kiporo amesimama, akajilaza bila kuvua viatu.

Kili zikashonwa pamoja, mkeka ukakunjwa, na siku ya kufunga shule ukatandikwa uwanjani, juani, kama desturi.

Haukulala. Zile kili zilizosukwa mbichi zilikuwa zimekauka na kujivuta, zilizolegea zilikuwa zimeachia, zilizokazwa zilikataa kufuata. Mkeka ukabenuka katikati na kukunjamana kingoni. Wazee wakajaribu kuukalia hivyo hivyo. Mmoja aliukandamiza kwa kiganja, nundu ikahamia kwa jirani yake. Bi Mwanakheri, mwanamke aliyekuwa hakosi neno hata msibani, akasema, "Mwaka huu wajukuu wametusukia ngamia." Watu wakacheka, kisha wakaendelea kuhangaika.

Mwalimu Matimbwa akaanza kusoma matokeo, kutoka wa kwanza kushuka. Mwajabu alipigiwa makofi. Kadiri majina yalivyoshuka makofi yakapungua, mpaka yakabaki majina matupu. La mwisho likawa la Siwema. "Anarudia darasa," akasema Mwalimu Mkuu, na nyuma huko kuna waliocheka.

Ngwali akasimama. Hakugombana na mtu. Akaenda mpaka kwenye mstari wa watoto, akamshika binti yake mkono.

"Twende, mama."

Hapo ndipo Bi Somoe alipoinuka. Hakuwa amepanga kuinuka. Magoti yalimuuma, na alitamani kuliko kitu chochote shughuli ile iishe aende akalale. Lakini alikuwa amemwona mtoto yule akimfuata baba yake bila hata kulia, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua siku nyingi.

"Ngwali, nakuomba ungoje kidogo."

"Ningoje nini, Mwalimu? Si mmeshasema?"

"Aliyesema ni mimi. Alama ile nimeitoa mimi. Ndiyo maana nakuomba."

Ngwali akasimama, mkono wa mtoto ungali mkononi mwake. Bi Somoe akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, huu mkeka tumeupa alama ngapi?"

"Mkeka hatukuupima. Tumepima kili."

"Na kili zilikuwaje?"

"Nzuri. Nyingi nzuri sana. Wewe mwenyewe ndiye uliyepima."

"Basi tuoneshe ukili mbovu, wazazi wajue kinachowainua ni nini."

Mwalimu Matimbwa alikuwa mtu wa haki, hilo nampa. Aliinama mbele ya watu wote, akapitisha kidole ukili baada ya ukili. Huu ulikuwa safi. Na huu. Wa Mwajabu haukuwa na kasoro hata moja ya kuonesha. Akanyanyuka akijifuta jasho.

"Siuoni," akasema.

"Hata mimi siuoni," Bi Somoe akasema. Kisha akawatazama watoto wa darasa lake. Sasa, kuanza ukili ndiko kugumu. Kushika yale majani ya kwanza na kuyapa mwelekeo, mtoto akikosea hapo, chote kinachofuata ni upogo. Bi Somoe alijua hivyo, na alijua ni wangapi mle darasani waliokuwa hawajui kuanza. "Nawauliza, na simwadhibu mtu. Nani ukili wake hakuuanza mwenyewe?"

Kusaidiwa kulikatazwa, na kukiri ni kuzitupa alama zako mbele ya wazazi wako. Watoto wakatazama chini. Aliyesogea mbele mwishowe alikuwa Mwajabu.

"Mimi sikuanza," akasema.

"Nani alikuanzia?"

"Siwema. Na nilipokosea katikati, alinifumulia akaniunga upya."

Mwenye duka, baba yake Mwajabu, akakohoa. Mtoto mwingine akanyoosha mkono, na mwingine, mpaka karibu nusu ya darasa wakawa wamenyoosha, kila mmoja akilitaja jina lile lile lililokuwa limechekwa.

Bi Somoe akamsogelea Siwema.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulinikataza, Mwalimu," Siwema akajibu taratibu. "Ulisema nishughulike na changu. Na mimi nikawa naona wenzangu wanalia."

Mwalimu yule aliona haya. Aliona haya hadharani, mbele ya watu aliowafundisha wao na watoto wao, na hakujaribu kuificha. Akageuka, akasema kwa sauti ya uchovu, bila kumlenga mtu:

"Tulikuwa na darasa, tukalifumua ili tupate alama. Tumempa ya chini kabisa yule aliyewashika wengine. Mkeka haupimwi kwa ukili mmoja, jamani, na mimi hilo nilikuwa nalijua."

Mwenye duka hakuridhika. "Kwa hiyo mwanangu aliyekuwa wa kwanza awe sawa na wa mwisho?"

"Mwanao anasuka upesi, nami nitaliandika hilo," Bi Somoe akamjibu. "Na leo amesema kweli wakati kweli inamgharimu. Hilo sijui nitalipima kwa rula gani, ila nalo nitaliandika."

Mwalimu Matimbwa akaikunja karatasi ya matokeo. "Na wakubwa wangu nitawaambia nini?" akauliza, na safari hii hakuuliza kama mkubwa.

"Sijui, Mwalimu. Mimi nimechoka. Nimewaambia watoto uongo kwa tarakimu miaka mingi, na leo nimechoka."

Mwalimu Mkuu akaja akaketi juu ya mkeka ule pamoja na wazee, nundu ikiwa chini yake. Akajisogeza huku, akajisogeza kule. Kisha akasema mkeka ufumuliwe, watoto wausuke upya kwa kupokezana, alama ya mkeka iwe ya darasa zima, na kila mtoto aandikiwe alikuwa anajua nini alipoanza na anajua nini sasa. Siwema avuke. Lawama zikija, zimkute yeye ofisini.

Watu wote wakamtazama Ngwali. Alikuwa bado amemshika binti yake. Alimtazama mtoto, akautazama mkeka, akaangalia upande wa bondeni kulikokuwa na shamba lake na kazi zake zote. Akauachia ule mkono.

"Haya, kaa na wenzako," akasema. "Ndege nitawaamia mwenyewe."

Akaondoka peke yake, na hakuna aliyecheka.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mitihani haikufutwa, na rula haikutupwa. Ule mkeka uliosukwa upya haukuwa mzuri sana, maana majani yaliyofumuliwa huwa yameshalegea, lakini ulilala chini, na darasa la kwanza wakaukalia mwaka mzima. Siwema alimaliza la saba bila kuwa wa kwanza katika lolote. Bi Somoe alifundisha miaka michache tena, akastaafu akiwa amechoka vilevile, ila alikuwa amerudia kubisha vikaoni.

Nanyi leo mmewasikia wazazi wakitaka yule mwalimu mgeni aondolewe kwa sababu ya mtihani mmoja, wa mtoto mmoja, tena mtoto wa mtu mwenye sauti kubwa. Mmemsikia mwenyekiti akiwajibu kwa maneno matano, na mmeona jinsi watu wazima walivyonyamaza. Wale walionyamaza kwanza walikuwa wamesoma darasa lile. Walikuwa wanamkumbuka Ngwali akishuka bondeni peke yake. Mkeka haupimwi kwa ukili mmoja.