Mabega ya Gari la Mwalimu Jawabu

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekabidhiwa akili zote peke yake. Kila mmoja ana fungu lake, na huenda fungu la mwenzako ndilo unalolihitaji. Wahenga hao, kwa heshima zote, hawakufafanua wenye vipara wahesabiwe vipi. Suala hilo lilimhusu sana Mwalimu Jawabu, ambaye kichwa chake kiling'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

Mwalimu alifundisha fizikia kwa miaka thelathini na minne, na wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kutamka neno "sijui". Alipostaafu, wenzake walinunua kuku. Yeye alinunua gari. Si gari zima, la hasha! Lilikuja vipandevipande ndani ya makasha tisa, pamoja na kitabu cha maelekezo, ili mnunuzi aliunde mwenyewe. Kazi hiyo ilihitaji chumba chenye mlango mpana, na chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu nyumbani: kile alichoshonea mkewe. Basi mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, akahamia jikoni na cherehani yake, akawa anashona huku akichungulia sufuria.

Mwaka wa tatu, uvumilivu wake ulifika ukingoni.

"Mume wangu," alisema kwa upole wa kutisha, "jana nimemkabidhi bibi harusi gauni linalonuka vitunguu. Nataka chumba changu."

"Nipe hadi Jumamosi. Siku hiyo mkaguzi wa magari anakuja; akilipitisha, litalala nje bandani."

"Asipolipitisha?"

Mwalimu akajipiga kifua. "Naliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo!"

Kiapo hicho kilisikiwa na majirani, na majirani, kama ijulikanavyo, hawasahau jambo lisilowahusu.

Kilibaki kitu kimoja tu: ukuta wa injini, yaani bati la alumini linalosimama kati ya injini na miguu ya dereva, ili moto ukizuka, dereva apate nafasi ya kutoka na nyayo zake zote mbili. Kitabu kilieleza kwamba bati hilo kila mtu hulikata mwenyewe kulingana na gari lake. Mwalimu alipima upande wa kushoto, akajaza ukurasa mzima wa hesabu, kisha akazidisha kwa mbili, kwa kuwa gari, kama kipepeo, lina pande mbili zinazofanana.

"Hupimi na kulia?" Mama Pindo aliuliza, akipita na beseni la nguo.

"Pande zote ni sawa, mke wangu. Hiyo ni sayansi."

"Haya. Ila mimi tangu nianze kushona sijaona mtu mwenye mabega sawa."

"Gari si mtu."

"Lakini aliyeliunga ni mtu. Tena namjua."

Mwalimu akatabasamu kama anavyotabasamu mwenye elimu. Ijumaa asubuhi alikata bati, akakunja kingo zake, akatoboa matundu ya nyaya, akalipachika. Kushoto lilikaa kama kofia kichwani. Kulia liliacha mwanya wenye upana wa kidole gumba, papo hapo zilipo pedali.

Moyo wake ulishuka hadi kwenye ndala. Bati jingine lingechukua wiki mbili kufika, na mkaguzi alikuwa anakuja kesho. Sakafuni palikuwa na vibakio vya bati tu. Akazunguka gari mara nne. Mwishowe shetani akamnong'oneza, naye, bila kumwomba hata kitambulisho, akamsikiliza: akachana sponji ya godoro kuukuu, akaisokomeza kwenye mwanya, akaipaka rangi nyeusi. Kwa mbali ilipendeza kabisa.

Mama Pindo aliingia na chai. Aliutazama ule weusi, akanyofoa kipande cha sponji ambacho hakijapakwa rangi, akakiweka sakafuni na kukiwashia kiberiti. Fuu! Kikateketea kabla Mwalimu hajapepesa macho.

"Hii itauzuia moto, au itaukaribisha kitini?"

"Mkaguzi hataiona."

"Mkaguzi atarudi kwake, Mwalimu. Miguu ni yako, na viatu vyako mimi ndiye ninayevipanga mlangoni."

Mwalimu alikohoa mara mbili.

"Mama Pindo… sijui nifanye nini."

"Rudia kwa sauti, majirani hawajasikia!" Mama Pindo alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaleta karatasi za kukatia mitindo, mkasi na chaki. "Gauni likikataa bega moja, hulitupi. Unalipasua katikati, unabadilisha upande mmoja."

Waling'oa sponji, wakalikata bati katikati, wakaubakiza upande wa kushoto uliokaa vizuri. Kulia, Mama Pindo alibana karatasi, akaifuatisha ukingo kwa ukucha, akakata, akajaribisha, akapunguza, akajaribisha tena. Alipoilaza juu ya kibakio kikubwa, karatasi ilienea, na pakabaki vidole viwili vya kupandishia bati juu ya bati. Hapo zamu ya Mwalimu ikafika. Yeye ndiye aliyejua gundi ipi hustahimili joto la injini, na ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabati, za unene gani zitashika bila kuchana bati. Wakazipanga katikati moja baada ya nyingine, kama vifungo vya joho.

Jumamosi mkaguzi alikuja, mtu mwembamba aliyeonekana amekunja uso tangu kuzaliwa. Aliweka tochi inayowaka upande wa injini, akaingia ndani ya gari na kuchungulia. Hakuna mwanga uliopenya. Akagonga lile pindo la ribiti.

"Mbona vipande viwili?"

Mwalimu alikuwa na majibu mawili tayari, na moja lilikuwa na kanuni ya fizikia ndani yake. Akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni.

"Nilikosea kupima," alisema. "Wazo la kuliunga ni la mke wangu. Ni mshonaji."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu uliomzeesha Mwalimu.

"Wengi hung'oa ukuta mzima ili kuzifikia pedali," alisema hatimaye. "Hapa mtatoa ribiti hizi na kufungua nusu tu. Limepita." Akamgeukia Mama Pindo, na uso wake ukakunjuka kidogo. "Mama, huwa unafundisha?"

"Ninaye mwanafunzi mmoja tu, baba, tena mzito kuelewa."

Jioni gari lililala bandani. Mwalimu aliibeba cherehani mwenyewe kutoka jikoni, akasimama katikati ya chumba, akapima dirisha kwa macho, akafumbua mdomo kutoa maelekezo, akaufumba. "Tuiweke wapi, mke wangu?" aliuliza. Naam, akili ni nywele, kila mtu ana zake.