Kichwa cha Beberu na Picha Iliyogoma Kukauka

Sogeeni, na anayetafuna muwa ateme kwanza. Hii sikusimuliwa mimi. Beberu nilimchinja kwa mkono huu, beberu mkubwa kuliko ng'ombe wenu wote.

Kambini kwetu sisi wakimbizi wa Kongo, ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika, kulikuwa na watu watatu. Wilondja alikuwa na mkono: akichora kuku, mwewe anashuka. Bibi Mwamini alikuwa haoni, lakini kichwani alibeba ukoo mzima mpaka majina ya mbwa. Faila, muuza maandazi, alijua mafuta kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Sasa, watoto waliozaliwa kambini, ukiwauliza kwenu wapi, wanakuonyesha bomba la maji. Wilondja ikamuuma. Akasema, "Nitachora safari yetu yote kwa rangi za mafuta. Siku ya sherehe ya mavuno waione."

Bibi Mwamini akakaa ubavuni anasimulia. "Mtumbwi wa mbele ni wa kina Mmunga. Na mume wangu, umempa pua?"

"Nimempa, Bibi."

"Ongeza!"

Wilondja akachora milima, moto, ziwa, mitumbwi. Kitambaa kikubwa, twiga angepotea humo! Mara mafuta ya rangi yakamwishia. Kwetu kila kitu ni mawese, basi naye akachanganya rangi na mawese. Lo! Wiki zikapita, picha mbichi. Jua likawaka, babu zetu wakaanza kuteleza kuingia ziwani, nzi laki moja wakaja kuwalamba. Sherehe inakaribia, Wilondja analia.

Faila akapita na beseni lake, akacheka mpaka maandazi yakamwagika.

"Shemeji, unachora au unapika? Mawese hayakauki mpaka kiyama! Ona kikaango changu: alizeti ikichemka sana inaganda ukingoni, naibandua kwa kisu."

Akamchemshia alizeti. Wakafuta palipoteleza, Bibi akasimulia upya, Wilondja akachora upya. Ikakauka!

Siku ya sherehe Bibi akapapasa ile rangi nene, mkono ukatoka mkavu. "Pua hii! Mume wangu huyu!" Akapiga kigelegele, Kongo nzima ikaamka. Watoto nao wakaanza kutambiana:

"Mtumbwi ule wetu!"

"Wenu ule unaovuja!"

Nikachinja, nikachemsha. Kwetu kichwa hupewa mtu mmoja, yule aliyeleta furaha. Kikiliwa na wawili, ukoo hugawanyika.

Wilondja akasema, "Mkono ni wangu."

Faila akasema, "Bila mimi ungetundika mchuzi."

Bibi akasema, "Na bila mimi mngechora nini, kuku?"

Wawili wakanikodolea macho, Bibi akanitegea sikio. Kichwa kinafuka mvuke kwenye sinia, na mimi, bingwa wa visu nchi nzima, nimekwama.

Haya, na nyie msicheke tu. Sinia ile ingekuwa mikononi mwako, ungemwekea nani?