Chepeo Alivyoiita Ardhi Itoe Ushahidi

Najua hamtaniamini. Haya, bisheni sasa hivi, mmalize, kisha mnyamaze niwasimulie. Mimi shuleni sikukaa sana, lakini hii hata mwalimu wenu haijui.

Hapo zamani za kale, kule mwisho wa dunia ambako mate hugandia mdomoni kabla hujayatema, palikuwa na pengwini mmoja mdogo, mweusi kichwani kama aliyevaa kofia. Ndiyo maana wakamwita Chepeo. Aliishi juu ya kilima kando ya bahari na mkewe, Bi Kokoto, pamoja na ukoo mzima wa pengwini. Kila nyumba ilikuwa kiota cha vijiwe, na kila kijiwe kilikuwa kimeibwa kwa jirani. Msicheke. Ndivyo walivyooana: huna kijiwe, huna mke.

Siku hiyo Bi Kokoto alikuwa ameyalalia mayai mawili. Chepeo alikuwa anarudi na kijiwe mdomoni aliposikia: Mbwoooo! Kijiwe kikamdondoka.

Alikuwa Bwana Gogo, sili mkubwa, mnyama wa bahari mwenye pua inayoning'inia kama mkonga wa tembo. Alijiburuta kutoka majini, bwata! bwata!, na nyuma yake ndugu zake, kila mmoja mnene kuliko mwenzake.

"Tokeni!" akanguruma. "Hapa ni kwetu. Tumekuja kupukutisha nywele, na hatupukutishi juu ya barafu, inatuumiza tumbo. Jua likifika juu ya mlima ule, nitabingirika hapa toka juu mpaka chini. Atakayebaki asinilaumu."

"Na mayai, mjomba?" Chepeo akauliza.

"Yabebeni."

"Kwa mikono ipi?" Bi Kokoto akadakia bila kuinuka. "Yai likitoka chini ya tumbo langu, limekufa hilo. Wewe Gogo ulizaliwa na mama au ulitapikwa na nyangumi?"

"Taratibu, mke wangu," Chepeo akanong'ona. "Mtu mkubwa hatukanwi. Mtu mkubwa hupewa kazi."

Akamsogelea sili, akainamisha kichwa kwa adabu. "Mjomba, kwenu mwenye mahali hujulikanaje?"

"Kwa sauti. Anayenguruma zaidi ndiye mwenyewe."

"Sauti hubebwa na upepo, mjomba. Tuiulize ardhi. Sisi pengwini hatuhami ovyo. Tunakula hapa, tunakunya hapa, tunafia hapa, na mjukuu anajenga juu ya mavi ya babu. Kilima hiki chote unachokiona ni mavi ya wazee wangu!"

Gogo akarudisha pua nyuma. "Ndiyo maana kinanuka."

"Nanyi mkilala mahali mnaacha nywele. Basi tuchimbe. Atakayeonekana chini kabisa ndiye aliyetangulia. Ila..." Chepeo akavitazama vibawa vyake, akaguna. "Mimi nitachimba nini na vijiti hivi? Labda niende kisiwa cha pili nikamwite mwenye nguvu."

"Mwenye nguvu nani zaidi yangu?" Gogo akafura. "Pisha hapo!"

Chaka! chaka! chaka! Udongo ukaruka. Kwanza yakatoka mavi ya rangi ya waridi, maana pengwini hula uduvi mwekundu, pamoja na manyoya na maganda ya mayai.

"Sisi hao," Chepeo akasema.

"Bado!" Chaka! chaka! Ukatokea udongo mwingine, mweusi, na ndani yake nywele ngumu za kahawia, zimeshikana kama mkeka.

Sili wote wakapiga mayowe. "Nywele za babu! Mbwoooo!"

Chepeo akamtazama mkewe. Bi Kokoto akayavuta mayai ndani zaidi, chini ya tumbo.

Chepeo akamgeukia Gogo. "Kweli, mjomba, babu yako alilala hapa. Ilikuwa enzi ya joto hiyo, barafu ilipoukimbia ufuko huu, maana nyinyi mnafuata ufuko ulio wazi. Lakini kabla ya joto hilo alikaa nani? Basi tena, naona umechoka. Tuseme tumetoka sare."

"Sare na kidude kama wewe?"

Akazama tena. Chaka, chaka... haaa... chaka. Sasa alikuwa anahema kama mawimbi pangoni. Udongo ukawa mgumu. Ikatokea mifupa myembamba ya mabawa, kisha maganda ya mayai, kisha vijiwe vilivyopangwa duara.

Puu! Chepeo akarukia shimoni. "Inatosha, mjomba! Viangalie vijiwe hivi. Sili gani hujenga kiota?"

Gogo akatazama. Akatazama tena. Akataka kungurumia dunia nzima, lakini pumzi zote zilikuwa zimeishia kwenye shimo. Puani ikatoka pyuuu tu.

"Lakini babu yangu..." akasema kinyonge.

"Alikuwa mgeni wetu, tena mgeni wa heshima. Nawe karibu, mjomba. Pale chini ufukweni kuna tope laini, halina hata chembe ya barafu. Nenda ukapukutishe kwa raha zako."

Gogo akajiburuta akateremka, ndugu zake nyuma yake, na punde ufuko mzima ukawa unakoroma. Chepeo akapanda kiotani kupokea zamu. Mayai yalikuwa yangali na joto.

Imekwisha. Pigeni makofi.

Mbona mnanitazama hivyo? Haya, haya! Kuna kipande nimekiruka. Chepeo hakurukia shimoni kwa furaha. Chini ya vile vijiwe, pale ukucha wa Gogo ulipokwaruza mara ya mwisho, zilikuwa zinachungulia nywele nyingine, ngumu, za kahawia. Chepeo peke yake ndiye aliyeziona. Akazikanyaga, akasimama juu yake mpaka sili wa mwisho alipoondoka. Na chini ya hizo kuna nini? Sijui. Hakuna aliyechimba.

Basi shikeni hili: ardhi haisemi uongo, mwongo ni yule anayewaambia inatosha, acheni kuchimba.