Nani Ashike Ufunguo wa Nyumba ya Gengeni

Sogeeni karibu, na mwenye muhindi wa kuchoma autafune kimyakimya. Mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kule milima ya Usambara, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuwa genge refu na nyika ya Mkomazi inaonekana chini kabisa, palikuwa na nyumba ya mawe ya zamani, mali ya Mama Kaniki, mjane mwenye watoto watatu. Kihiyo, mkubwa, alijaliwa ulimi: akikusimulia vita vya mababu unageuka nyuma kutazama kama adui anakuja. Mbelwa, wa kati, alijaliwa mikono, na hakuna kilichovunjika kikamshinda. Zahara, kitindamimba, alijaliwa chungu: hakuna aliyepika kama yeye. Tena alikuwa mbishi, akishaamua, ameamua.

Ni Zahara aliyeifanya nyumba ile kuwa ya kulala wageni. Kaka zake walikuwa Tanga mjini wakihangaika na maisha yao. Yeye alibaki, akapaka chokaa, akatandika vitanda, na kila Ijumaa akafua mashuka ambayo hakuna mtu aliyeyalalia. Watalii walikuja, wakapiga picha gengeni, wakanywa chai kwake, wakashukuru, wakashuka Lushoto kulala. Mnajua kwa nini? Kwa watu wa milima ile ni aibu kumwuliza mgeni kama atalala, maana ni sawa na kumwuliza ataondoka lini. Basi hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna vitanda! Jamani.

Mama alipochoka na uzee, aliwaita wote watatu. "Nyumba haikatwi vipande," alisema. "Atakayemlaza mgeni wa kwanza, ufunguo ni wake, na neno lake ndilo neno."

Zahara alijua ufunguo ukienda kwa kaka, yeye atabaki mpishi tu katika nyumba aliyoilea mwenyewe. Hilo hakulitaka hata kidogo.

Likaja basi la watalii, na ndani yake Bi Nyamizi, mwalimu mstaafu kutoka Tabora. Ukungu ulikuwa umefunika genge lote. Wenzake walinuna, wakaomba chai, wakamwambia dereva wakimaliza waondoke.

Kihiyo akamchukua Bi Nyamizi hadi kwenye pango walimojificha watu wa kale wakati wa vita. Akamwonyesha masizi ya mioto yao ukutani. "Mwalimu, mlinzi akisimama hapa alikuwa anaiona nyika yote," akamwambia. "Asubuhi ukungu huinuka." Bi Nyamizi aliugusa ukuta ule kwa muda mrefu. "Nimefundisha historia maisha yangu yote," akasema, "lakini sijawahi kuishika."

Ila alirudi anatetemeka kwa baridi, na mtu anayetetemeka hufikiria kupanda basi tu. Chumba cha mbele kilikuwa na meko, lakini dohani yake, njia ya moshi, ilikuwa imeziba tangu enzi za baba yao. Mbelwa akapanda paani kwenye utelezi, akachokoa viota na matope, akashuka mweusi tii. Kuni kavu zilikuwa jikoni tu. "Mdogo wangu, nipe hizo kuni," akasema. Zahara akatazama chungu chake cha makande, bado hakijaiva. Akimnyima, kaka amekwama. Lakini mgeni naye ataganda. Akampa zote. Moto ukawaka, Bi Nyamizi akavua viatu.

Zahara akabaki na kuni mbichi. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, ya moshi na ya hasira, wala hakukiacha chungu. Honi ikalia. Bi Nyamizi akaanza kuvaa viatu, na hapo hapo Zahara akamwekea bakuli la makande ya maziwa, ya moto. Mgeni akaonja. Akaonja tena. Honi ikalia mara ya pili.

"Mwambieni dereva aniteremshie begi," akasema. "Hapa kuna kitanda?"

"Kipo," Zahara akajibu.

Asubuhi nyika yote ilikuwa wazi, na Bi Nyamizi akiwa gengeni, ndugu wale wakaanza kubishana.

"Bila mimi asingeitamani asubuhi," alisema Kihiyo.

"Atamani huku anaganda?" Mbelwa akamkata. "Angepanda basi."

"Moto wako ni wa kuni zangu," Zahara akasema, "na bado alikuwa ameshashika viatu."

"Kuni zako, sawa. Na dohani?"

Zahara akamgeukia mama yake. "Mama, miaka yote hii ni mimi niliyekaa hapa."

"Najua, mwanangu. Ila sikusema atakayekaa. Nilisema atakayemlaza."

Bi Nyamizi akatokea na begi lake, uso umekunjuka. "Desemba nitarudi na walimu wenzangu, tukae wiki nzima," akasema. "Nikifika, nimwulizie nani?"

Watatu wakafungua midomo kwa pamoja, kisha wakamtazama mama yao. Mama Kaniki ameshika ufunguo, mgeni anasubiri jina.

Haya, semeni ninyi. Lingekuwa jina la nani? Na wale wawili waliobaki, mngewaambia nini mkiwatazama machoni?