Mkaguzi Aliyesoma Taarifa ya Msiba Wake

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikwishafika na akili ya kuzitumia bado ilikuwa njiani, palikuwa na darasa la watu wazima katika mji wa Ibungila. Walikuwa wanafunzi kumi na wanane, wengi wao wenye wajukuu, wakijifunza kutambua habari ya uongo kwenye simu kabla hawajaisambaza.

Siku moja asubuhi akaja mkaguzi, Bi. Atupakisye, na fomu yake na kalamu. Akazima simu yake asisumbue, akaketi dawati la nyuma kabisa.

"Nimekuja kutazama teknolojia inavyotumika somoni," akasema. "Nina kompyuta moja mpya, na haigawanyiki. Ataondoka nayo yule atakayeitumia teknolojia ikasaidia somo, si kulipamba tu."

Darasa zima likakaa wima.

Mwalimu Anyosisye alikuwa amejiandaa wiki tatu. Akawasha projekta, ukuta ukajaa picha za kweli na za uongo. Akawafundisha maswali matatu, wakayaimba kama kwaya: "Nani kasema? Kasema lini? Nani mwingine kathibitisha?" Mkaguzi akaandika. Mwalimu akatabasamu.

Pap! Umeme ukakatika.

Mwalimu akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Wapi! Jasho likamtoka. Wanafunzi wakaanza kukusanya mikoba yao.

Hapo akainuka Tumpe, mwanafunzi, fundi cherehani. Akachukua chaki, akachora ubaoni simu kubwa kama mlango. "Kaeni! Simu ni sisi wenyewe. Wewe ni Kamera. Wewe ni Futa. Mzee Kajigili, wewe ni Tuma!"

Basi ikawa vurugu ya furaha. Ukimgusa Kamera, anafumba jicho moja. Ukimgusa Futa, anachana karatasi. Ukimgusa Mzee Kajigili, anatimua mbio darasa zima akigawa uvumi ulioandikwa kwenye vikaratasi kwa kila mtu, na kila aliyepewa anampa mwenzake. Dakika moja tu, uvumi mmoja ukawa mikononi mwa wote. "Kumbe ndivyo unavyosambaa!" wakapiga kelele. Mkaguzi akacheka hadi akaangusha kalamu.

Mara simu zote zikalia. Ting! Ting! Ting!

Ujumbe ulisema: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Bi. Atupakisye, mkaguzi wetu, katika ajali ya gari asubuhi hii."

Mzee Kajigili akashika kichwa. "Masikini, alikuwa mtu mwema!" Akautuma palepale kwa kwaya nzima ya kanisa. Kisha akageuka.

Marehemu alikuwa ameketi dawati la nyuma, akimtazama.

"Mama yangu wee!" Mzee akaruka juu ya benchi. Bibi mmoja akamkumbatia mkaguzi na kumlilia huku akimpa pole kwa msiba wake mwenyewe.

Mkaguzi akausoma ujumbe kwenye simu ya bibi yule, kisha akawasha yake. Ikapigwa papo hapo. Alikuwa mumewe. "Uko hai?" akauliza. "Mama yako ameanguka kwa presha. Watu wamejaa uani. Nikiwaambia nimekusikia, watasema nimechanganyikiwa kwa majonzi!"

Kicheko kikakatika. Mkaguzi akaanza kulia kweli.

Mzee Kajigili akashuka kwenye benchi. "Bi. Mkaguzi, nitazame. Sema wewe ni nani, sema tarehe ya leo na saa. Ninyi wote simameni nyuma yake, mthibitishe!" Akamrekodi video, akaituma kwa mumewe, na pia kila mahali alikopeleka uongo. Haikupita muda, mumewe akapiga tena. Safari hii aliyezungumza ni mama mzazi, amekalishwa kitini, anacheka na kulia kwa pamoja: "Mwanangu, mbona umekonda hivyo kwenye video?"

Baadaye ikajulikana kwamba gari la ofisi alilozoea kulipanda mkaguzi liliingia mtaroni bila dereva kupata hata mchubuko. Siku hiyo yeye alikuja kwa bodaboda. Mpita njia aliliona gari, akalijua ni la mkaguzi, maiti akaiongeza mwenyewe.

Sasa ikaja zamu ya kompyuta.

Mwalimu akasema: "Ni yangu. Nani, lini, nani kathibitisha: video ile ilijibu maswali yangu yote matatu."

Tumpe akasema: "Ni yangu. Mashine yako ilipokufa, nani alilifufua somo? Simu ya chaki haihitaji umeme."

Mzee Kajigili akasema: "Ni yangu. Ninyi mlifundisha, mimi nikatumia. Mama wa mkaguzi yu hai kwa sababu ya nani?"

"Na uongo ulipelekwa kwa kwaya na nani?" Tumpe akamkata.

"Na mimi niliusahihisha!"

Wakamgeukia mkaguzi. Akaisukuma kompyuta katikati ya meza, akafunga fomu. "Mimi leo nimekufa na kufufuka. Siwezi kuamua."

Haya, ninyi mliokaa hapa mkicheka, kompyuta ni moja na watu ni watatu. Mngempa nani?