Funga, Fungua

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana mashine zilikuwa zimekwisha kujifunza Kiswahili, aliishi Lushoto mwanamke aitwaye Bi Tunu pamoja na mumewe, Mzee Shemweta. Chumba chao kilitazama bonde, na bondeni ilikuwapo mipichi aliyoipanda Bi Tunu mwenyewe.

Kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono na miguu, kikaacha ulimi. Bi Tunu akaomba avuliwe bangili yake ya fedha, akasema: "Nataka kuiona mipichi yangu kila nikiamka, bila kumwamsha mtu. Bangili hii ni ya atakayenifungulia dirisha."

Mwanawe Idrisa, mhandisi, akaleta pazia la vibao vyembamba lenye mota. Ukiliambia "fungua", linapanda. Ukiliambia "funga", linashuka. Fundi wa kulipachika, Mbaruku, akadai liwekwe kamba.

"Kamba ya nini, fundi? Hii ni nyumba ya kisasa, si hema."

"Bwana mhandisi, mashine isiyo na kamba ni bosi. Mimi sipachiki bosi kwenye dirisha la mama. Mkono ukivuta, mashine inyamaze mpaka mkono uachie."

Wakabishana hadi chai ikapoa. Mbaruku akakunja ngazi yake aondoke. Idrisa akakubali kamba.

Bi Tunu akawa anajifungulia dirisha kwa sauti yake. Kisha kiharusi kikarudi, na safari hii kikagusa ulimi. Maneno yakawa yanadondosha herufi njiani.

Asubuhi akasema: "Funga." Pazia likabaki chini. "Funga!" Likabaki chini. Mumewe akadhani mwanga unamuumiza. Akamshika mkono, wakakaa gizani. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Walimtii, wakamnyima. Bi Tunu alilia, nao wakasema ni maumivu.

Ndipo Mwajabu, mke wa Idrisa, alipomletea uji ndani ya chupa ya chai. Bi Tunu akaigusa chupa. "Funga."

"Imefungwa, Mama."

"Funga!"

Mwajabu akaitazama chupa, akalitazama pazia. "Baba! Mama hasemi funga. Anasema fungua!"

Pazia likasikia neno la mwisho, likapanda. Mipichi ilikuwa imechanua bonde zima. Bi Tunu akapaza sauti kwa furaha: "Funga! Funga!" Pazia likashuka.

"Lione, jinga hili!" Mwajabu akaikamata kamba, akavuta. Pazia likapanda. Bi Tunu akasema funga, akasema funga, akasema funga, na pazia halikutikisika.

Idrisa alipopata habari akaja, akaketi na mama yake, akaifundisha mashine: kwa sauti hii peke yake, funga ni fungua. Tangu hapo Bi Tunu alijifungulia dirisha kila alipoamka, kwa neno lake lililovunjika. Kulishusha ilikuwa kazi ya wengine. Mapichi yakaiva. Akala moja, akafariki.

Baada ya arobaini, Mzee Shemweta akaiweka bangili mezani mbele ya Mwajabu, Idrisa na fundi Mbaruku.

Mwajabu akasema: "Baba, nisingelisikia lile neno, mngekuwa gizani hadi mwisho wake."

Mbaruku akasema: "Kusikia ulisikia, binti yangu. Lakini mashine ilikushinda kwa neno moja, na kamba yangu ndiyo iliyoishinda mashine. Bangili sivai, ila nina mke."

Idrisa akasema: "Ninyi mlimfungulia siku moja. Mimi nilimrudishia dirisha lake. Alisema bila kumwamsha mtu. Mlisahau?"

"Na giza lililetwa na nani, Baba Salma?" Mwajabu akamgeukia mumewe. "Si mashine yako hiyo hiyo?"

"Na hiyo kamba," Idrisa akasema, "ingefungwa kwenye nini kama si mashine yangu?"

"Kwenye pazia la kawaida," Mbaruku akajibu, "ambalo halina masikio ya kukosea."

Mzee Shemweta hakucheka. Aliichukua bangili, akaipangusa kwa kanzu, akairudisha mezani. Nyuma yake pazia lilikuwa chini, kwa kuwa asubuhi ile hakuna aliyeliambia neno.

Haya, mliosikia. Mmoja alilisikia neno, mmoja aliidai kamba, mmoja aliifundisha mashine. Bangili ni moja, na mwenyewe alisema ni ya atakayemfungulia. Je, nani alimfungulia?