Chura na Wadudu wa Bustani ya Chupa

— Nawaita!
— Twaitika.
— Masikio mmeyaacha wapi?
— Tumekuja nayo.

Zamani, zamani sana, paliishi mwanamke jina lake Mize. Alikuwa na chupa kubwa ya kioo, pana kama pipa. Ndani alitia kokoto, akatia udongo, akapanda vijimea vya kivulini. Bustani ikashika. Akamweka humo Chura.

Udongoni waliishi wadudu weupe, wadogo kama chembe za chumvi. Walikula majani yaliyooza, walikula ukungu, walikula kinyesi cha Chura. Hawakumsumbua mtu.

Chura akawachukia. "Bi Mize, wachafu hawa wanatambaa ninapolala. Watoe."

"Hawa ndio wanaokufagilia."

"Nitafagia mwenyewe."

"Haya."

Mize akaweka kipande cha tango. Wadudu wakajaa juu yake, akawahamishia kwenye kifuu cha nazi chenye udongo.

Majani yakaanguka, yakaoza, yakaota ukungu. Chura akaupangusa kwa mguu. Ukungu ukamganda vidoleni.

Akaomba aletewe Konokono. Konokono akauacha ukungu, akala majani mabichi. Akatolewa.

Akaomba waletwe Sisimizi. Sisimizi wakauacha ukungu, wakabeba chakula cha Chura. Wakatolewa.

Ukungu ukapanda mpaka kwenye kioo. Ngozi ya Chura ikawasha, pumzi ikawa nzito. Akalala ubavu.

"Bi Mize, ninakufa. Waite wale wadogo."

"Uliwafukuza wewe. Waombe wewe."

Mize akakiteremsha kifuu mbele yake. Chura akasema, "Jamani, niliwakosea. Rudini."

Mkubwa wao akauliza, "Utatukanyaga?"

"Sitawakanyaga."

"Utatuita wachafu?"

"Sitawaita."

"Na ukishapona, hutasahau?"

Chura akasema, "Nikisahau, nikumbusheni."

Wadudu wakashuka. Wakala ukungu wa majani, wakala ukungu wa kokoto, wakala hata ule uliomganda Chura vidoleni. Siku zikapita, hewa ikawa safi, vijimea vikachipua. Chura akainuka, akala.

Lakini kidole kimoja kilikuwa kimeshaoza. Kilikatika, na Chura alichechemea maisha yake yote. Kila alipotaka kukaa, alitazama chini kwanza.

Basi, wenzangu, anayeuondoa uchafu wako usimwite mchafu. Ukimfukuza, uchafu utabaki nawe, na siku utakayomhitaji itabidi umwombe.

— Ngano yangu naitua hapa.
— Nasi tumeiokota.